Stelingi Akifa Mwishoni mwa Gemu, Wewe Ufanye Nini?

Wadogo zangu, safari hii barua zenu zimefanana mno, na walioziandika hawajuani. Kijana wa Kabatoro, hapa Uganda, amemaliza gemu kwenye simu saa nane usiku, na tangu siku hiyo chakula hakimshuki. Mwenzake wa Bwera amecheza mpaka mwisho, akaona majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini, na mpaka leo hajui kama yule mtu aliyekuwa akimwongoza alikuwa mwema au muuaji. Msichana mmoja hakutaja hata gemu gani. Aliuliza tu: "Dada, mtu akilia kwa sababu ya gemu, ana kasoro?"

Hana kasoro. Naomba hilo tulimalize mapema, maana najua mmeshachekwa. Kaka zenu wamewaambia hizo ni katuni, mama zenu wamewaambia mzime simu mkalale, nanyi mkaona aibu, mkanyamaza. Mtu uliyetembea naye saa ishirini au thelathini, ukamtibu majeraha, ukamvusha mito, akipotea utaumia, hata kama ni wa kuchorwa. Ninachotaka tuzungumze ni namna ya kukaa na huzuni hiyo bila kuikimbia na bila kuiacha ikutawale.

Onyo kabla sijaendelea: nitataja miisho ya gemu kadhaa. Kama unacheza God of War: Chains of Olympus, GTA IV, Papers, Please, This War of Mine au The Last of Us na hujamaliza, weka ukurasa huu kando. Ukimaliza utanikuta.

Wengi wetu tumelelewa na kibanda cha video. Benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, na VJ anatafsiri filamu kwa Kiganda huku akitia chumvi pale inapopwaya. Kenya wao wana DJ Afro, anayeifanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili. Sheria ya kibanda mnaijua: stelingi hafi. Akipigwa risasi tatu tunasubiri, atainuka. Na hata filamu ikiisha vibaya, sauti ya VJ bado ipo, inakuaga, inakuahidi kwamba adui naye siku zake zinahesabika. Unatoka na wenzako, mnabishana njiani mpaka mnafika nyumbani.

Gemu haina VJ. Unacheza usiku, hedifoni masikioni, nyumba nzima imelala, hadithi inakatika, kimya. Hapo tu maumivu yameshaongezeka maradufu. Lakini kuna sababu kubwa zaidi, na wengi wenu mmeizungukazunguka kwenye barua bila kuitaja: filamu unaitazama tu, kwenye gemu kidole ni chako.

Chukua Chains of Olympus, iliyotoka mwaka 2008 kwa ajili ya PSP. Hapa kwetu ni wachache walioishika PSP yenyewe. Mnaicheza kwenye simu kwa programu ya PPSSPP, faili mmerushiana kwa Bluetooth au mmehamishiwa kwenye kadi ya memori. Kratos, yule shujaa mwenye hasira, anafika kuzimu, na kwenye pepo iliyomo humo anamkuta binti yake, Calliope, ambaye alikufa kwa mkono wa baba yake mwenyewe. Ili aruhusiwe kuwa naye anaacha silaha zake na nguvu zake zote. Anamkumbatia. Ndipo Persephone, malkia wa kuzimu, anapomwambia ukweli: wakati yeye amemkumbatia mwanawe, nguzo inayoibeba dunia inabomolewa, na pepo hiyo waliyomo itaangamia pamoja na dunia, mtoto akiwemo. Kumwokoa ni kumwacha, na kumwacha ni moja kwa moja. Mtoto anamng'ang'ania na kumlilia. Na hapo gemu haikuachi ukae utazame. Inakuonesha kitufe. Unabonyeza, unabonyeza tena, na kwa kila mbonyezo mikono ya Kratos inamsukuma mtoto mbali. Usipobonyeza, hadithi haisongi.

Waliolitunga tukio lile walijua wanachokifanya. Wangeweza kulionesha kama filamu, wewe ukapumzisha mikono. Walitaka mikono yako iwemo. Kijana wa Kabatoro aliniandikia akisema "nilimsukuma", na nilipolisoma neno hilo nilielewa kwa nini chakula hakimshuki. Mdogo wangu, kitufe kilikuwa kimoja tu. Mtu aliyewekewa njia moja akapita njia hiyo hana hatia ya kupita. Ulichokisikia kifuani ndicho alichokisikia baba yule kwenye hadithi, na uliweza kukisikia kwa sababu una huruma. Usiione huruma hiyo kama udhaifu.

GTA IV nayo, ya mwaka huohuo wa 2008, inakupa njia mbili, na ndiyo maana inawasumbua zaidi wale wanaopenda kushinda. Niko Bellic ama afanye biashara na mtu aliyemsaliti, ama alipize kisasi. Ukichagua biashara, binamu yake Roman anauawa kwenye harusi yake mwenyewe. Ukichagua kisasi, anakufa Kate, msichana ambaye Niko alianza kumpenda. Mmoja wenu ameniambia amerudia na kurudia akitafuta njia ya tatu. Haipo. Pumzika, mdogo wangu, hukukosea mahali popote.

Sasa niwaambieni gemu ambayo natamani kila kijana wa Mpondwe, hapa mpakani, aicheze. Inaitwa Papers, Please. Aliitengeneza Lucas Pope mwaka 2013, na tangu 2022 inachezeka kwenye simu. Wewe ni ofisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Umekaa kwenye kijumba cha mpakani, foleni inazunguka, na kazi yako ni kusoma: pasipoti, kibali, muhuri, tarehe, picha. Unalipwa kwa kila mtu uliyemshughulikia bila kosa. Jioni unagawa ulichopata kati ya chakula, joto la nyumba na dawa, maana nyumbani wapo mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Pesa haitoshi. Kila siku unachagua nani alale na baridi.

Siku moja anapita mwanamume, hati zake safi. Anakuomba umhurumie mkewe anayemfuata. Mke anafika dirishani, kibali hana. Ukimpitisha unaandikiwa kosa. Ukimkatalia, mumewe ameshavuka.

Sisi tunaoishi jirani na mpaka, ambako mtu ana shamba upande huu na shangazi upande wa Congo, na siku ya soko watu wanavuka na mafungu ya ndizi kichwani, hatuhitaji kuelezwa foleni ile ina uzito gani. Gemu hiyo ina miisho 20, na mingi ni jela au kifo. Hata ile inayoonekana kuwa ya nafuu inakuachia mfupa kooni. Unaweza kutorosha familia yako, lakini kwa pasipoti ulizowanyang'anya watu wengine, na hao umewaacha wapi? Unaweza kuwasaidia waasi wakapindua serikali, bila kujua watatawala vipi. Unaweza kuwa mtiifu mpaka mwisho, na zawadi yako ni kurudi kwenye kijumba kilekile. Hakuna ukurasa unaokuambia umefaulu mtihani wa utu. Naipenda kwa sababu hiyo hasa. Inakuamini kwamba una akili ya kujipima mwenyewe.

Wa Bwera, nakuja kwako. Uliyoicheza ni The Last of Us, ile ya mwaka 2013, na unasema mwisho wake umekunyima usingizi. Joel amemvusha Ellie nusu ya Marekani kwa sababu mwili wa msichana huyo unaweza kuleta tiba ya ugonjwa ulioimaliza dunia. Wanafika, na Joel anagundua kwamba ili tiba ipatikane, Ellie lazima afe mezani kwa madaktari. Anaua watu, anambeba, anaondoka naye. Ellie akizinduka, Joel anamdanganya kwamba tiba imeshindikana. Mwishoni kabisa msichana anamtaka aape kwamba alichosema ni kweli. Joel anaapa. Ellie anamtazama, anaitikia kwa neno moja, skrini inakuwa nyeusi.

Unaniuliza: amemwamini au hakumwamini? Joel ni baba au ni muuaji? Umeshatazama video za watu wanaoeleza "maana halisi" mpaka MB zimekwisha, na bado hujatulia. Hutatulia kwa njia hiyo. Wale watu wanakupa mwisho wao. Kaa siku chache bila video yoyote. Chukua daftari, andika nini uliona kwenye uso wa Ellie, na andika ungefanya nini wewe ungekuwa Joel. Andika kwa Kiswahili, kwa Lukonzo, kwa lugha yoyote unayoitumia ukiwa na hasira. Kisha mtafute mtu mmoja aliyeicheza gemu hiyo, mkae, mbishane kama mlivyokuwa mkibishana mkitoka kibandani. Mkitoka hapo bado hamjakubaliana, vizuri sana. Hadithi hiyo ina mwendelezo, uliotoka mwaka 2020, lakini usiukimbilie kama dawa. Uucheze ukiwa umeshakuwa na maoni yako.

Hadithi za Kiswahili nazo zimewahi kutufanyia hivyo. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na mwisho wake uliwachoma wasomaji. Alipofika kwenye Nagona mwaka 1990, msomaji alifunga kitabu akibaki na maswali mengi kuliko aliyofungua nayo. Zaidi ya miaka hamsini tangu Rosa, walimu na wanafunzi bado wanagombana kuhusu vitabu vyake.

Lakini naomba tuwe wakweli pia. Si kila mwisho wenye giza ni mwisho uliotungwa vizuri. Mwingine ni uvivu wa mtunzi, na una haki ya kusema hivyo. Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, wachezaji walikuwa wamefanya maamuzi mamia katika gemu tatu mfululizo, wakafika mwisho wakapewa chaguo la rangi tatu na kipande cha filamu kinachofanana karibu chote. Walikasirika. Baadhi yao waliitumia kampuni ya BioWare keki ndogo mamia, zimepambwa kwa rangi tatu tofauti, na ndani zote zikiwa na ladha moja. Juni mwaka huo kampuni ikatoa nyongeza ya bure iliyoeleza kidogo yaliyowapata wahusika. Mimi napima hivi: nikirudi nyuma kwenye hadithi na kukuta dalili zilikuwepo, kwamba mtunzi alikuwa akiniandaa tangu mwanzo, basi mwisho ni halali hata ukiniumiza. Nikirudi nyuma nisikute kitu, nina haki ya kununa.

Sasa naomba mnisikilize taratibu.

Kuna barua mbili sikuzitaja hapo juu. Ukizisoma kwa haraka utadhani zinahusu gemu. Ukizisoma mara ya pili unaona mwandishi anazungumzia bweni. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni lilichomwa moto. Wapo waliotekwa wakapelekwa Congo, na zipo familia ambazo ilibidi zisubiri vipimo vya DNA, kwa sababu miili ilikuwa haitambuliki kwa macho. Kwa hiyo wapo miongoni mwetu waliokaa siku nyingi bila kujua mtoto wao ni marehemu au ni mateka. Kwa mtu kama huyo, gemu inayoisha bila kusema nani amepona inaamsha kitu ambacho hakikuanzia kwenye simu.

Kama ni wewe, usijilazimishe. Hakuna ushujaa katika kumaliza gemu inayokurudisha usiku ule. Ifute, mpe rafiki yako, cheza mpira wa simu, cheza karata. Na kama usingizi umepotea kwa zaidi ya wiki mbili, kama unashtuka kila mlango ukigongwa, kama chakula kimekuwa adhabu, au kama wazo la kutotaka kuishi limepita kichwani hata mara moja, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya au hospitali ya Bwera uombe kuzungumza na anayehusika na afya ya akili. Kwa walio chini ya miaka 18, namba 116 ya Sauti, laini ya msaada kwa watoto, ni bure kuipiga hapa Uganda. Nawaandikia haya kwa upendo, na sina haraka ya kugeuza ukurasa huu.

Kwa wengine, ambao huzuni yao ni ya gemu kweli, niwape mambo ninayoyafanya mwenyewe. Gemu yenye hadithi nzito siimalizii usiku. Nikiona nakaribia mwisho naisevu, nalala, namalizia mchana kukiwa na watu nyumbani. Majina ya watengenezaji nayaacha yapite yote na muziki wake, kwa sababu dakika zile chache zinanipa nafasi ya kupumua. Sianzi gemu nyingine siku hiyohiyo. Na natoka nje. Aliye Kabatoro ana bahati: apande mpaka ukingo wa kreta asubuhi, alitazame ziwa Katwe, wanawake wameinama kwenye viwanja vyao wakikusanya chumvi iliyoganda juu ya maji, wanaume mbali kidogo wanang'oa mabonge chini ya ziwa. Akitaka ashuke awasaidie kubeba. Mwili ukichoka kwa kazi, kichwa nacho kinalegea. Najua msimu wa mvua maji yanazidi, chumvi haigandi, kazi inasimama, na vijana mnabaki na simu mchana kutwa. Msimu huo hasa ndio msizicheze gemu za huzuni mbili mfululizo.

Ukitaka kujifunza namna ya kumfariji mtu, ipo gemu inayofundisha, nayo ni This War of Mine. Ilitoka mwaka 2014, imetengenezwa Poland na 11 bit studios, na walichota kutoka mji wa Sarajevo uliozingirwa vitani kuanzia 1992. Wewe si mwanajeshi. Wewe ni raia wachache ndani ya nyumba iliyobomolewa, mnatafuta chakula, dawa na kuni. Usiku mmoja unaweza kuingia nyumbani kwa wazee wawili, mume na mke. Wana chakula, wana dawa, na hawana nguvu ya kukuzuia. Mzee anakusihi. Ukichukua, watu wako wanapona njaa, na wanarudi wamevunjika moyo. Mmoja anakaa chini, hataki kula wala kuamka. Gemu inakuruhusu kumpeleka mwenzake akae karibu naye wazungumze. Vita vikiisha, unasomewa kilichompata kila mmoja, na mara nyingi si furaha tupu. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Inachezeka kwenye simu.

Na kwa wale mnaosema mngeuandika mwisho tofauti, hapa hapa Uganda ametoka mtu aliyefanya hivyo. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kuikimbia vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Sudan, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu, akapata dola 300, akamnunulia kompyuta. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza peke yake, akatengeneza Salaam, gemu ambamo unamsaidia mkimbizi kukimbia kuelekea kwenye amani, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Gemu alizoziona kwanza zilikuwa za kupiga watu risasi. Yeye akaona mchezaji anaweza kupewa kazi nyingine, ya kumfikisha mtu salama.

Wazazi mnaosoma juu ya bega la mtoto, neno kwenu ni fupi. Ukimkuta analia mbele ya simu, usimnyang'anye. Kaa naye, mwulize nani amekufa na alikuwa mtu wa namna gani. Atakueleza kwa nusu saa, na katika nusu saa hiyo utamjua mwanao zaidi.

Toleo lijalo nataka kurasa zenu. Nikiri kwamba mimi naamini Ellie alijua anadanganywa, na aliamua kubaki. Dada zenu wengine hapa ofisini wanapinga kabisa. Mliocheza, niandikieni mnavyoona nyinyi, ukurasa mmoja unatosha, na mseme mmeona nini kwenye uso wake.